Jini ya mwangati

Jana jioni hapa Raskazone, Tanga, nimeonja pombe kali ya jini ya Procera, ile inayotengenezwa Nairobi, jamaa yangu kaja nayo kupitia mpaka wa Horohoro. Nikainywa kavu kwanza, bila toniki wala barafu, nilitaka niijue yenyewe. Aisee. Jini nilizozoea zinaanza na ukali ndo harufu inafuata, hii harufu inatangulia, mbichi kabisa, kama majani yenye utomvu umeyafikicha mkononi, alafu ndimu, alafu basibasi ya Zanzibar inakaa kwenye ulimi muda mrefu tu.

Kinachobeba yote ni tunda. Jini lazima iwe na tunda la mti unaoitwa juniperi, na viwanda vingi vinatumia lile la Ulaya, tena lililokaushwa. Hawa wanachuma bichi kwenye milima ya Kenya, kwa Juniperus procera, juniperi pekee inayoota yenyewe kusini mwa ikweta.

Baba mdogo pombe hagusi, akaomba anuse glasi tu. Kanusa, kanusa tena, akasema, "Mwanangu, huu si mwangati huu?" Mi nikabaki namwangalia. Mwangati ni mti wa kwao Shume, juu ya Lushoto, na ndo huohuo procera, yani jini imetoka Nairobi kumbe mti wake tunao mkoani kwetu!

Na tumeufanyia nini? Wajerumani kabla ya vita ya kwanza ya dunia walifunga kamba za chuma za kushushia mbao zake toka Shume mpaka Mkumbara, zipande treni ya kuja Tanga. Baada yao ikawa ni mbao na nguzo za uzio hivyohivyo, kwa sababu mchwa hawauli. Inaniuma kweli, maana tunda unachuma na mti unabaki umesimama.

Sisemi watu waingie Magamba na vikapu, ule msitu wa hifadhi uachwe. Ila kwenye mipaka ya mashamba, panapojazwa mikaratusi, mwangati unapandika, ingawa unakua taratibu sana na ni miti jike tu inayozaa. Nikamuuliza baba mdogo kama utotoni waliyachuma yale matunda, kasema walikuwa wanawaachia ndege, wao walifuata kuni. Mwezi wa nane tunapanda wote Shume anioneshe mti jike, na nikiwa hukohuko nitapita ofisi ya misitu niulize miche inapatikana wapi.