Siku mjomba alipomkumbatia Yanga

Mjomba wangu ni Simba wa kutupwa. Yanga ikicheza na timu ya Misri, siku hiyo yeye ni Mmisri, na wala haoni aibu. Taifa Stars ndiyo kabisa, alikuwa haiangalii. Anasema anatunza presha. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019, aliponigongea mlango saa sita mchana na jezi ya bluu ya taifa mwilini, mikunjo ya kwenye mfuko wa plastiki bado haijatoka, nilijua Dar es Salaam nzima imepagawa.

Hesabu zenyewe zilikuwa za kuumiza kichwa. Uganda, tuliokuwa tunacheza nao siku hiyo, walishafuzu AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, na katika kundi letu walikuwa hawajaruhusu hata bao moja. Sisi na Lesotho tulikuwa na pointi tano tano, ila wao walikuwa mbele yetu kwa sababu walitufunga 1-0 kwao Maseru Novemba 2018, baada ya sare ya hapa nyumbani. Maana yake kuifunga Uganda peke yake kusingetusaidia: ilibidi na Lesotho wasishinde ugenini kwa Cape Verde, saa ileile.

Ndiyo maana mtu muhimu kuliko wote jukwaani kwetu alikuwa kijana mmoja mwenye jezi ya Yanga, aliyechomeka waya wa simu sikio la kushoto. Kila baada ya dakika mbili mjomba anamgusa bega. "Mdogo wangu, kule vipi?" "Bado sare, mzee." Mpira ukitoka tu, mjomba huyo tena. Ikafika mahali kijana akachukua kile cha sikio la pili, akakifuta kwenye jezi na kumpa mjomba asikilize mwenyewe. Mnyama wa Simba na Mwananchi wa Yanga, waya mmoja! Kama kuna aliyepiga picha, naomba anitumie.

Dakika ya 21 Simon Msuva akafunga, yule aliyetoka Yanga kwenda Morocco. Kipindi cha pili hakijakolea, Erasto Nyoni wa Simba akaweka penalti. Dakika ya 57 Aggrey Morris wa Azam akamaliza: 3-0. Wakati huo kijana wa Yanga alikuwa amebebwa juu juu, na mmoja wa waliombeba ni mjomba, mwenye presha yake.

Kule Praia, Cape Verde, mechi ya Lesotho iliisha 0-0. Uwanja mzima ulijua kabla ya tangazo lolote.

Tulikuwa hatujafuzu tangu fainali za 1980 kule Nigeria, miaka 39. Lile bao la Peter Tino dhidi ya Zambia mjomba alilisikia redioni, maana Bara televisheni haikuwepo. Sisi wa baadaye tulirithi msemo wa Mzee Mwinyi tu, kwamba soka letu ni kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anakuja kujaribia. Usiku ule, Barabara ya Mandela, dereva wa bodaboda alikuwa anapita akipaza sauti kwamba mwendawazimu leo kanyoa watu. Kwenye fainali zenyewe, kule Misri, tulipigwa mechi zote tatu, na ile ya Kenya tuliongoza mara mbili tukafungwa 3-2. Mjomba aliziangalia zote kibanda umiza, na hakusikika akiishangilia Senegal wala Algeria. Kwa wanaomfahamu, hilo si jambo dogo.

Tukirudi kwa Uganda: kesho yake wachezaji wakaitwa Ikulu, Rais Magufuli akawapa kila mmoja kiwanja Dodoma. Mjomba, sauti imemkauka hata chai anaagiza kwa ishara, akanivuta karibu aninong'oneze: "Na yule mtoto wa Yanga mwenye simu, mbona hawajampa hata cha Mbagala?"