Asali, Chumvi na Barafu

Mwanangu ana miaka saba, na leo rafiki yake wa karibu amemwambia hataki tena kukaa naye dawati moja. Mtu mzima akilisikia ataliona dogo. Kwake lilikuwa zito hata akashindwa kuvua viatu. Aliketi sakafuni karibu na mlango, begi likiwa bado mgongoni, akalia kile kilio kisicho na maneno, cha kukatika pumzi.

Wakati kama huo siulizi kitu. Mtoto anayelia hivyo hana jibu la "kuna nini?", na asipojibu si ukaidi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotusaidia kuzuia hisia na kupima mambo kabla ya kutenda, huchelewa sana kukomaa. Inaendelea kujengeka mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Kumwambia mtoto wa miaka saba ajitulize mwenyewe ni kumdai kitu ambacho bado hajapewa. Anachoweza ni kuazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu naye, kama mtu mzima huyo anao. Kwa hiyo niliketi naye pale chini, nikamtoa begi, nikamwegemeza kifuani, nikawa navuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Moyo hupunguza mbio tunapotoa pumzi kwa muda mrefu, na sikio lake lilikuwa juu ya moyo wangu.

Sikumwambia anyamaze. Sikumwambia "mtapatana tu kesho" kwa sababu sijui kama watapatana.

Sauti iliporudi alisema, "Mama, ana rafiki mwingine."

"Inauma sana hiyo."

"Inauma hapa," akashika tumbo.

Nikaweka mkono wangu pale alipopashika. Naamini kwa dhati kwamba maneno mengi tunayowaambia watoto wakilia huwa tunajiambia sisi wenyewe. "Utapata marafiki wengine" humfariji mzazi, maana ni yeye asiyevumilia kuyaona machozi yale. Mtoto hataki wengine. Anamtaka yule yule, na anataka mtu akubali kwamba amempoteza, walau kwa leo.

Baada ya kilio kulikuja ule muda mgumu ambao machozi yamekauka lakini mtoto hajarudi. Hataki kucheza, hataki kula, hataki kusemeshwa. Kwenye friji kulikuwa na krimu, na kabatini mtungi wa asali uliokuwa karibu nusu. Nikasema, kama najisemea, "Mimi nakwenda kutengeneza aiskrimu ya asali. Nitahitaji mtu wa kutenga viini vya mayai."

Sikusema "ukinyamaza nitakupa aiskrimu", na tofauti hiyo naijali mno. Utamu ukiwa malipo ya kunyamaza, mtoto hujifunza kwamba huzuni ni kosa, na kwamba dawa yake iko mdomoni. Nilichotaka kumpa ni kazi ya mikono na nafasi ya kusimama ubavuni kwangu. Watoto husema mengi wakiwa pembeni yako, macho yote mkiwa mmeyaelekeza kwenye sufuria, kuliko mkikabiliana uso kwa uso. Alikaa kidogo, kisha akaja jikoni, viatu bado miguuni.

Tulitumia mililita 400 za krimu, mililita 200 za maziwa, viini vinne, gramu 120 hivi za asali, na chumvi ya kubana kwa ncha za vidole. Viini alivitenga yeye, kwa njia ninayoipenda kuliko zote: unavunja yai kwenye kiganja, unaacha ute upenye kati ya vidole, kiini kinabaki. Ni kazi inayodai utulie. Huwezi kuifanya huku unatetemeka kwa kwikwi, na nilimwona anazuia pumzi kila kiini kilipokuwa kinatua mkononi.

Tulipasha maziwa na krimu mpaka mvuke ukaanza kupanda, tukayamimina kidogo kidogo juu ya viini huku yeye anapiga bila kuacha, kisha tukarudisha vyote motoni, moto mdogo. Hapo ndipo subira inapohitajika. Mchanganyiko ukifika nyuzi 80 hivi unaanza kuwa mzito na kung'ang'ania mgongo wa mwiko; ukiuacha upande zaidi, viini hugandamana na unabaki na mayai ya kukoroga yenye maziwa. Unapitisha kidole mgongoni mwa mwiko, na mstari ukibaki wazi unaepua. Joto hilo, likikaa kidogo, ndilo linalonipa amani ya kumlisha mtoto kitu chenye mayai.

Asali huingia baada ya kuepua. Ina tindikali, ukiichemsha pamoja na maziwa inaweza kuyakata, na moto mkali huifukuza harufu yake, ambayo ndiyo sababu ya kuitumia badala ya sukari. Alipokuwa anaimimina nilimwambia kwamba nyuki mmoja, kwa maisha yake yote, hutengeneza takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Akasimamisha mtungi hewani.

"Kwa hiyo hizi ni nyuki wangapi?"

Tulipiga hesabu pamoja. Ni zaidi ya nyuki mia mbili.

"Nyuki wana marafiki?"

Nilijua hakuwa anauliza habari za nyuki. Nikamjibu habari za nyuki, maana huko ndiko alikokuwa tayari kwenda. Nikamwambia wanaishi maelfu katika mzinga mmoja, na anayegundua maua hurudi akacheza ndani ya mzinga, anatembea akitikisa tumbo, na mwelekeo anaotembea huwaonyesha wenzake waruke upande gani, na muda anaotikisa huwaonyesha umbali. Mwanasayansi Karl von Frisch, aliyeifasiri ngoma hiyo, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1973. Habari ya tuzo haikumgusa. Ngoma ilimgusa. Akataka kujua kama nyuki anaweza kucheza na wenzake wasimfuate. Nikasema ndiyo, hutokea, wengine hawafuati. "Halafu anafanyaje?" Nikasema nadhani hutoka tena kwenda kwenye maua.

Hatuna mashine ya aiskrimu, na siisikitikii. Mchanganyiko ulipopoa na kukaa kwenye friji mpaka ukawa baridi kabisa, tulitia bakuli la bati ndani ya beseni la barafu iliyopondwa, tukamwagia barafu chumvi nyingi, karibu theluthi ya uzito wake. Hapo aliuliza swali zuri kuliko yote ya leo: "Chumvi inaiyeyusha barafu, sasa itagandishaje?" Jibu lake linanifurahisha kila ninapolieleza. Barafu haiwezi kuyeyuka bila kuchukua joto mahali fulani. Chumvi inailazimisha iyeyuke, nayo inalichukua joto hilo kutoka kwenye bakuli. Barafu ya maji matupu huyeyukia kwenye sifuri. Yenye chumvi ya kutosha inaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Ndiyo maana nilimvisha glavu na kulizungushia beseni taulo nene. Baridi hiyo huunguza ngozi.

Kisha tukakoroga. Kukoroga kunavunja chembe za barafu zingali ndogo, na chembe ndogo ndizo zinazoufanya ulimi uhisi ulaini badala ya mchanga. Ni kazi ndefu inayorudia jambo lile lile, na ilikuwa katikati ya kazi hiyo, macho yake yakiwa ndani ya bakuli, ndipo yaliyobaki yalipotoka. Kwamba juzi rafiki yake alimwonyesha picha ya farasi aliyoichora. Kwamba yeye alicheka, akasema anafanana na mbwa. Kwamba wengine nao wakacheka. Kwamba rafiki yake aliikunja ile picha akaitia mfukoni.

Nilitamani sana kusema kitu. Nilikuwa na somo zima tayari mdomoni. Lakini alikuwa amelifikia mwenyewe, kwa miguu yake, na ningelisema mimi lingekuwa langu. Nikauliza tu, "Ungependa kumwambia nini?"

Akakoroga kwa muda. "Kwamba miguu ya farasi ilikuwa mizuri. Ilikuwa mizuri kweli."

Aiskrimu ya asali haigandi ikawa jiwe. Sehemu kubwa ya asali ni sukari za aina mbili ndogo ndogo, fruktosi na glukosi, na hizo huzuia maji kuganda zaidi ya sukari ya kawaida ya uzito ule ule. Tuliila ikiwa laini, inaporomoka pembeni ya kijiko. Mdogo wake, ambaye bado hajatimiza mwaka, alinyoosha mikono akalia naye apewe, lakini hakupata hata ya kulamba. Asali inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 hauwezi kuvidhibiti, na joto la jikoni haliviui. Dada mtu alimweleza sababu kwa kirefu, kwa sauti ya mwalimu. Ilikuwa mara ya kwanza leo kumsikia akizungumza kwa sauti yake mwenyewe.

Iliyobaki tumeiweka kwenye chombo kifupi, karatasi ya nta imelazwa juu yake isipate hewa, ndani kabisa ya friza ambako baridi haipandi na kushuka.

Huzuni haijaisha. Wakati wa kulala aliuliza kama kesho atakaa na nani, na sikuwa na jibu. Nilipendekeza nizungumze na mwalimu. Hakutaka, anataka kwanza aseme mwenyewe habari za miguu ya farasi. Tumekubaliana ningoje hadi Ijumaa. Ikifika Ijumaa naye bado anakaa peke yake, nitakwenda shuleni, na hilo analijua.