Mstari wa 12 Tunaouruka

Somo: Wafilipi 4:10–20

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wanamichezo wengi waaminio wanaupenda mstari wa 13 wa somo hili: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Huandikwa kwenye viatu, huchorwa mikononi, husemwa mbele ya kamera baada ya ushindi. Mstari unaoutangulia hausikiki sana: "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa, katika hali yo yote, na katika mambo yo yote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Paulo aliyaandika yote mawili akiwa kifungoni, moja likifuata jingine.

Wiki hii tumtazame Kurt Warner, kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani aliyestaafu mwaka 2010. Habari zake hupendwa mimbarani, lakini mara nyingi msimuliaji huishia Januari 2000, kombe likiwa mkononi. Hapo ni katikati tu.

Kwa wasioujua mchezo: timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na karibu kila jaribio hupitia mikononi mwa kwotabeki. Katika ligi kuu, NFL, benchi humpa mpango kupitia spika iliyo ndani ya kofia yake ngumu. Zikibaki sekunde 15 za kuanzisha mchezo, spika inazimwa, na tangu hapo hana wa kumwelekeza. Anasoma jinsi wapinzani walivyojipanga, anapokea mpira, anarudi nyuma hatua tatu au tano, anakaza mguu wa nyuma, anarusha. Yote hayo ndani ya sekunde mbili na nusu hivi, huku majitu ya zaidi ya kilo 120 yakimjia mbio. Mpira wenyewe una gramu 400 hivi, na vidole hushika kamba zake ili uzunguke vizuri hewani. Pasi bora hutoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka: kwotabeki hurusha kuelekea mahali ambapo bado hapana mtu. Akisubiri hadi amwone mwenzake yuko wazi, amechelewa, na beki ataunasa. Warner alikuwa hodari hasa katika hilo.

Alizaliwa Burlington, jimbo la Iowa, mwaka 1971. Katika Chuo Kikuu cha Northern Iowa alikaa benchi hadi mwaka wake wa mwisho. Mwaka 1994, timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya, hakuna iliyomchagua. Green Bay Packers walimwita mazoezini, akawakuta Brett Favre, Mark Brunell na Ty Detmer, nao wakamwacha kabla msimu haujaanza. Akarudi Iowa kupanga bidhaa usiku kwenye duka la Hy-Vee, kwa dola 5.50 kwa saa. Mwaka 1995 alijiunga na Iowa Barnstormers wa ligi ya ndani ya ukumbi. Uwanja wa huko una yadi 50 tu, nusu ya ule wa kawaida, na kila upande una wachezaji wanane. Kwenye nafasi finyu namna hiyo, kwotabeki asiyeachia mpira haraka huangushwa siku nzima. Mwaka 1996 kimbunga kiliwaua wazazi wa Brenda, mchumba wake, huko Arkansas. Ni katika miaka hiyo ya Iowa imani yake ilipokomaa, wala hakukuwa na kamera ya kuipeleka popote.

Mwaka 1998 alichezea Amsterdam Admirals huko Ulaya, kisha akawa wa akiba St. Louis Rams. Mapema 1999 ligi ilipoipa timu mpya ya Cleveland nafasi ya kuchukua wachezaji wa wengine, Rams walimwacha Warner bila ulinzi kwenye orodha. Cleveland nao hawakumtaka. Agosti, kwotabeki wa kwanza wa Rams, Trent Green, aliumia goti, na kocha Dick Vermeil akamkabidhi Warner timu. Msimu huo alirusha pasi 41 za kufunga, akawa mchezaji bora wa ligi, na tarehe 30 Januari 2000 Rams wakaifunga Tennessee Titans 23–16 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, yeye akirusha yadi 414. Akamshukuru Yesu mbele ya ulimwengu.

Mchezo ule uliisha Kevin Dyson wa Titans akiwa ameangushwa yadi moja kabla ya mstari wa kufungia. Waumini walioiombea Tennessee usiku ule, je, imani yao ilipungua kwa yadi moja? Anayehubiri kwamba Mungu alimpa Warner kombe kwa sababu ya uaminifu wake lazima ajibu swali hilo, tena lazima aeleze yaliyofuata.

Februari 2002 Rams walipoteza fainali kwa New England, 20–17. Msimu uliofuata Warner alivunjika kidole cha mkono wa kurushia. Kidole kikikosa nguvu mshiko hulegea, na mpira hutoka ukiyumba au huchomoka mkononi akiguswa kidogo. Mwaka 2002 alianza mechi sita, akapoteza zote, pasi 11 zikinaswa na 3 tu zikizaa mabao. Mechi ya kwanza ya 2003, dhidi ya New York Giants, aliuangusha mpira mara sita, akapoteza nafasi yake. Mwaka 2004 Giants walimsajili ashike nafasi huku kijana Eli Manning akijifunza. Baada ya mechi tisa, tano akiwa ameshinda, walimweka benchi. Akahamia timu ya Arizona Cardinals; huko nako, mwaka 2006, alimpisha kijana mwingine, Matt Leinart.

Alipokuwa Arizona alianza kuvaa glavu mikono yote miwili ili mpira usimteleze, jambo ambalo makwotabeki wengi hulikwepa. Maombi hayakumzuia kutafuta glavu. Wapo ndugu wanaoona aibu kutumia dawa, miwani au ushauri wa mtaalamu kana kwamba ni kukosa imani. Kwa maoni yetu huo ni mzigo ambao Maandiko hayakuwatwika.

Mwaka 2008 alikuwa tena wa kwanza kikosini, akaifikisha Arizona Super Bowl ya Februari 2009. Kipindi cha kwanza kikiishia, akiwa yadi moja tu kutoka mstari wa kufungia wa Pittsburgh, alitarajia beki wao James Harrison amjie. Harrison alirudi nyuma badala yake, akainasa pasi na kukimbia yadi 100 hadi kufunga. Arizona walipoteza 27–23. Katika jaribio lao la mwisho mpira ulimtoka Warner mkononi. Mwaka uliofuata alistaafu, akiwa amecheza fainali tatu na kushinda moja.

Katika vikundi vya wiki hii, someni somo lote kwa sauti. Waliopandishwa cheo mwaka huu waombewe na waliopoteza kazi, na waliopoteza kazi waombewe na waliopandishwa. Kuanzia mstari wa 14 Paulo anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake, na msaada waliompelekea ulikuwa wa kushikika. Kila kikundi kikubaliane kabla ya kuagana nani atatembelewa, siku gani, na atapelekewa nini.