Siku Bibi Alipotutambua Tena

Hapa Moshi, wanaouguza wazee nyumbani huambizana kwamba mgonjwa mahututi akichangamka ghafla, ndugu waitwe upesi. Niliyaona hayo kwa macho yangu kule Marangu, pale bibi yangu, ambaye ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfanya asimtambue hata mama aliyemnawisha kila asubuhi, alipoketi kitandani, akaomba mtori, akala kijiko kwa kijiko, kisha akauliza kama masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), yalikuwa yamepogolewa. Bibi alimwita mama kwa jina lake la utotoni. Alfajiri iliyofuata bibi alifariki.

Mwaka 2009 mwanabiolojia wa Ujerumani, Michael Nahm, alilipatia jambo hili jina la kitaalamu, ingawa madaktari walikuwa wameliandika tangu zamani, na hadi leo haijaelezwa kikamilifu namna ubongo ulioharibika kiasi hicho unavyoweza kurudisha kumbukumbu kwa saa chache. Mimi naamini kabisa kwamba aliyezungumza nasi jioni ile alikuwa bibi mwenyewe. Mama naye ananiambia kwamba anashukuru hakwenda sokoni siku hiyo, maana alipata kumshika mkono, kumshukuru kwa malezi na kusikia akijibiwa.