Siku moja na mrija uliokataa kupitisha maji

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kunawa uso nafungua kompyuta na kuingia, kwa intaneti, kwenye kompyuta kuu iliyo nje ya nchi. Saa hizi mtandao wa hapa Arusha hauna msongamano. Kazi niliyoiacha inaendelea imeisha. Nashusha mafaili, nakunywa chai, napanda daladala.

Saa 2 asubuhi. Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana majirani wanaamini nalipwa kutazama kioo. Mimi huiga kwa kompyuta jinsi maji yanavyochujwa ndani ya mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita moja hivi, na nanomita milioni moja ndiyo milimita moja. Mirija midogo ya kaboni ilitangazwa na Sumio Iijima mwaka 1991, ingawa ile ya kwanza ilikuwa minene kuliko hii. Ile yenye panda, shina moja linalogawanyika matawi mawili, imekuzwa maabara tangu 1999, ingawa ni minene kuliko yangu kwa mbali. Kompyuta inakokotoa kila atomu inavyovutwa na kusukumwa na wenzake, inaisogeza kidogo, inaanza upya. Hatua moja ni femtosekunde mbili. Hatua laki tano ndizo nanosekunde moja, yaani sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Mashine inakesha, mimi naamkia makumi machache ya nanosekunde.

Saa 4. Grafu ya molekuli za maji zilizopita inapanda vizuri, halafu inalala chali. Mrija umeziba. Nasogeza kiti karibu.

Saa 4 na dakika chache, mlango.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Hii simu imegoma.”

Simu haijagoma, amesahau nywila. Tunajaribu mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa kwanza, wa pili, wa mjukuu. Tunapiga simu nyumbani kwake kwa simu yangu, kwa salio langu. Mama hapokei. Mzee anakaa, anaeleza historia ya simu ile tangu ilipotoka dukani. Naiangalia grafu kwa jicho la pembeni. Nywila inapatikana (ilikuwa tarehe ya harusi, na Mama alipopokea hatimaye alicheka sana). Nadhani anaondoka, kumbe ana karatasi ya kuchapisha. Na mashine ya kuchapisha, bila shaka, imemeza karatasi.

“Sasa mwanangu, hayo madude yako yatatuondolea floraidi lini?”

Swali hilo silichukii. Nimekulia mteremko wa Meru, floraidi ya maji ya huko imeyatia meno yangu rangi ya kahawia, sihitaji kuhadithiwa. Namwambia ukweli: maji ya kunywa hayatakiwi kuzidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na kwa nyumba za huku mkaa wa mifupa unafanya kazi hiyo leo. Mirija yangu bado.

“Basi unafanya nini humu?”

Natafuta kwa nini vichujio vinaziba, mzee. Anatikisa kichwa, anachukua karatasi yake. Saa 6 imeshapita.

Sasa kazi. Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni ukavu: mwaka 2001 mtafiti Gerhard Hummer na wenzake walionyesha kwamba ukipunguza kidogo tu mvuto kati ya kaboni na maji, mrija mwembamba unajaa na kukauka kwa zamu. Wa pili ni kemikali iitwayo benzini, uchafu niliouweka majini makusudi. Shina langu lina upana wa nanomita 1.08, benzini inaingia. Matawi yana 0.81, na ukitoa unene wa ukuta wenyewe nafasi inayobaki haiitoshi. Ndiyo maana nilichagua matawi hayo: uchafu ubaki nje, maji yapite. Lakini unabaki nje wapi? Pale pale kwenye panda.

Napitia picha moja moja. Molekuli bapa ya benzini inafika, inalala kwenye mdomo wa tawi kama kifuniko cha sufuria. Maji yanahamia tawi la pili. Sawa. Inafika nyingine. Inayumba, inageuka ubavu, inarudi nyuma, mimi na chakula changu kilichopoa tunaisubiri, inarudi tena, inalala. Kimya. Matawi yote mawili bado yana maji ndani, hayajakauka. Mshukiwa wa kwanza huru.

Hapo umeme unakatika. Kule kompyuta kuu haina habari. Ninachokosa ni kuona tu. Betri inanipa muda wa kufungua nakala nyingine za uigaji uleule, zilizoanza na kasi tofauti za atomu. Katika moja benzini inang’oka na maji yanapita tena. Kwa hiyo kuna kuziba na kuna kusita, na ukiwa na makumi machache ya nanosekunde mkononi viwili hivyo vinafanana kabisa. Macho yanauma. Sijui ni saa ngapi, ila wafagiaji wameshapita.

Giza limeingia, umeme umerudi. Namwandikia msimamizi: hii imesita, ile siwezi kuapa. Anajibu upesi kwamba nasukuma maji kwa shinikizo la megapaskali 100 wakati mitambo ya kusafisha maji ya bahari hutumia kama 6. Pengine ni mimi ninayezikandamiza benzini pale. Ana haki ya kuuliza. Tunaweka shinikizo kubwa ili maji ya kutosha yapite katika muda mfupi tulio nao. Nikipunguza nusu, nahitaji muda mara mbili kupata hesabu ileile.

Nabadilisha namba, natuma kazi mpya. Foleni inasema: subiri.