Unapumua wapi?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imetoka mahali panaponiuma, na nimeona niseme tu yote manake nikificha nitakuwa nawahubiria nyie jambo ambalo mimi mwenyewe nimelikimbia.

Jumatano mazoezini mwalimu wa kwaya alitangaza kwamba ule wimbo wetu wa kufungia ibada, ambao nimeuongoza miaka na miaka, sasa ataongoza binti mmoja wa sauti ya kwanza. Alisema kwa upole kabisa. Nikaitika "Amina, Bwana atukuzwe," na tabasamu nikatoa, lakini ndani kulikuwa kunachemka. Alafu wakati tunatoka yule binti akanikimbilia, shikamoo mama, samahani, pale ubeti wa pili kwenye ule mstari mrefu huwa unapumua wapi? Nikamwambia "we utazoea tu," nikaondoka zangu.

Wapendwa, mimi najua pa kupumulia. Ilinichukua miaka kupajua. Mtoto wa watu kaniomba pumzi nikamnyima.

Na kuna lingine, bora niliseme. Karibu mwaka mzima sasa kwaya nzima imekuwa ikiushusha ule wimbo kwa ajili yangu, kwa sababu zile noti za juu hazinitoki tena vizuri, tukashusha kidogo, tukashusha tena, mpaka besi wanafika mahali wananguruma tu chini huko hakuna maneno yanayosikika. Hakuna aliyeniambia kitu, wananiheshimu. Na mimi nikajifanya sijui.

Usiku huo sikulala, na nikamkumbuka mama mmoja ambaye habari zake nilizisoma zamani, Lotte Lehmann. Alikuwa mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, Mjerumani, kazaliwa Perleberg mwaka 1888. Alipokuwa binti anasoma uimbaji Berlin, shule mojawapo ilimfukuza ikamwambia hana kipaji. Aliyemwokota ni Mathilde Mallinger, mwanamke ambaye ujana wake naye alikuwa mwimbaji mkubwa wa opera na kwa wakati huo alikuwa ameshuka jukwaani anafundisha. Angekuwa mama mwenye uchungu na siku zake zilizopita, angemtazama yule binti aliyekataliwa akasema utazoea tu. Akamfundisha. Mwaka 1910 Lotte akaanza kuimba Hamburg, baadaye akawa kipenzi cha Vienna kule Austria, na mtunzi Richard Strauss mwenyewe akawa anamchagua aimbe kazi zake mpya. Mwaka 1938 Wanazi walipoichukua Austria, watoto wa mume wake walikuwa na damu ya Kiyahudi upande wa mama yao, akaacha sifa zote zile akahamia Marekani.

Ila lililonishika sana ni siku aliyoaga. Tarehe 16 Februari 1951, New York, ukumbi unaitwa Town Hall, alikuwa anakaribia miaka 63. Watu wamejaa wanafikiri ni tamasha kama mengine, katikati yake akawaambia hii ndo mara yangu ya mwisho. Watu wakapiga kelele hapana, hapana! Naye akawajibu kwamba alikuwa ametumaini watapinga. Nampendea hilo, hakujifanya haumii. Mwishoni akaimba wimbo wa mtunzi Schubert wa kuushukuru muziki, na alipofika mstari wa mwisho, ule wenye asante yenyewe, machozi yakamzidi, sauti haikutoka, piano ikamalizia peke yake.

Hapo nililia na mimi. Kwa sababu kuachia kunauma jamani, tusidanganyane kanisani kwamba mtu wa rohoni haumii. Lakini yeye alilia akaachia. Mimi sikulia, nikashikilia, alafu nikakibania na kile ambacho yule binti alikuwa anakihitaji. Nipime mwenyewe, nani alikuwa na moyo wa ibada hapo?

Tuje kwenye Neno. Hesabu 8, mstari wa 24 mpaka 26, mahali ambapo wengi tunaparuka. Mungu anampa Musa utaratibu wa Walawi, kwamba waingie kazini na miaka 25 na wakifika 50 waache ile kazi. Yaani Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka siku ya kushuka, siyo Walawi vijana waliofanya njama, wala siyo mwalimu wa kwaya! Na angalia kinachofuata, hakusema waende nyumbani wakanung'unike, alisema watahudumu pamoja na ndugu zao hemani. Pamoja na ndugu zao. Bado wako hemani, bado zamu wanalinda, mzigo tu ndo umehamia mabega mengine.

Sasa hapa nataka niseme na wenzangu tulio wakubwa kwenye huduma, na nisikilizeni vizuri kwa sababu naanza kujisema mimi kwanza. Tumekuwa wachoyo. Mtu ana miaka 20 anapiga kinanda cha kanisa na hakuna hata mtoto mmoja aliyemkalisha pembeni yake. Mwingine ana nyimbo kichwani ambazo hakuna mwingine anazijua, anaona fahari kwamba siku asipokuwepo haziimbwi. Mhubiri mzee hatoi madhabahu hata ibada ya vijana. Tunaita kulinda huduma, kumbe tunalinda jina. Sauli alikuwa hivyo hivyo, aliposikia wanawake wanaimba kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, hakuwaza kwamba Goliathi amekufa na Israeli imepona, aliwaza hesabu yake imekuwa ndogo. Na tangu siku ile akawa anamwonea Daudi wivu. Mpendwa, ukiona kijana anainuka mahali pako na kitu cha kwanza unachokitafuta ni kosa lake, tubu mapema, usisubiri mpaka ushike mkuki.

Na Lotte Lehmann baada ya ile siku hakwenda kujifungia. Kule California, mji wa Santa Barbara, tangu mwaka 1947 alikuwa ameshasaidia kuanzisha chuo cha muziki, Music Academy of the West, akaendelea pale kufundisha. Kuna filamu za miaka ya 1960 akiwa darasani, bibi wa miaka 70 na kitu, anaonesha wimbo kwa mabaki ya sauti aliyonayo, oktava ya chini, nusu anaimba nusu anaongea, mbele ya wasichana wenye sauti mbichi kabisa. Haoni aibu. Sauti imeondoka lakini uso, macho, mikono, maana ya kila neno, vyote anavyo na anavimwaga.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Grace Bumbry, binti mweusi aliyezaliwa St. Louis mwaka 1937 na kukulia kwenye kwaya za kanisa. Huyu akiwa bado mdogo alishinda shindano la redio lenye zawadi ya kusomeshwa chuo cha muziki, chuo kikamkataa kwa sababu ya rangi yake. Nikaona, aliyefukuzwa kampokea aliyekataliwa, kama alivyopokewa yeye na Mallinger. Miaka kadhaa alikaa naye akimfundisha, na mwaka 1961 Bumbry akasimama kwenye tamasha la opera la Bayreuth kule Ujerumani, mwimbaji wa kwanza mweusi kuimba kwenye tamasha lile. Kuna watu walipinga kabla hata hajafungua mdomo. Alipomaliza wakampigia makofi mpaka akarudishwa jukwaani mara 42. Mara 42! Na mwalimu wake alikuwa mwanamke ambaye miaka 10 kabla sauti ilimkatikia kwenye mstari mmoja mbele za watu.

1 Nyakati 25 inahesabu waimbaji wa hekalu, watu 288, na zamu zao zilipigiwa kura, mdogo kama mkubwa, mwalimu kama mwanafunzi. Nimeusoma ule mstari wa 8 wiki hii labda mara kumi. Kwenye kundi la Daudi mwalimu hakuwa na zamu yake ya kudumu kwa sababu ni mwalimu. Kura ikimwangukia mwanafunzi, mwanafunzi anaimba, na mwalimu yupo palepale.

Ijumaa asubuhi nilimtumia yule binti ujumbe wa sauti. Nikamwomba msamaha kwanza, maana lile "utazoea" lilikuwa uongo wenye nia mbaya. Alafu nikamwimbia ule mstari polepole kwa sauti yangu hii iliyochoka, nikamwonesha kwamba pumzi inachukuliwa mapema, kabla hujaihitaji, pale neno linapoishia kwa irabu, mbavu ziachie zipanuke na mabega yatulie. Akanijibu kwa sauti pia, akiimba, akakosea, tukarudia. Tumerudia nafikiri mara sita.

Jana mazoezini nilimwomba mwalimu aurudishe wimbo mahali pake pa zamani, kule juu. Akaniangalia, nikamwambia urudishe tu. Nikaenda kusimama sauti ya pili.