Kiduara Kikizunguka Kibuye

Jumapili moja ya 2018 nilipeleka sokoni Kibuye, Kisumu, fomu yetu ya mtandaoni ya kuagiza omena kwa magunia. Ofisini ilifunguka mara tu ukiigusa. Pale sokoni, kwenye simu ya mama mmoja yenye RAM ya GB 1, kiduara kilizunguka juu ya ukurasa mweupe.

"Kijana wangu, hii kitu inazunguka tu," akasema, akaitia simu kwenye aproni na kuendelea kumpimia mteja kwa gorogoro.

Javaskripti yetu, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ilikuwa KB 800 hata baada ya kubanwa. Mtandao ukishuka hadi kilobiti 400 kwa sekunde, hizo ni sekunde 16, na simu bado haijaanza kuusoma msimbo. React na ReactDOM, maktaba tulizojengea ukurasa, zilichukua KB 35 hivi tu. Wanaoilaumu React kwa kila jambo huwa hawajafungua kifurushi wakaona kilichomo. Mzigo ulikuwa Moment.js, maktaba ya kushughulikia tarehe, na lugha zake zote, maktaba ya chati ambayo fomu haikuitumia, na seti nzima ya ikoni tuliyoivuta kwa ajili ya ikoni tatu.

Hatimaye ikafunguka. Akajaza nusu, akahudumia wateja wawili, akachungulia WhatsApp. Aliporudi, Android ilikuwa imeshautupa ukurasa ili ipate nafasi. Alichoandika kilikuwa kwenye kumbukumbu ya Javaskripti peke yake, basi kikaenda nao. Hakukasirika, aliniandikia oda kwenye karatasi.

Jumatatu tukabishana. Mwenzangu alitaka tupunguze mzigo lakini React ibaki, kwa sababu vipande vilevile vilitumika kwenye dashibodi ya meneja (ukurasa wake wa usimamizi) na kila tunayemwajiri anaijua. Mimi nilishikilia fomu iwe HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za wavuti, itumwe na kivinjari chenyewe, na Javaskripti ya KB 9 juu yake: ihifadhi kila herufi kwenye kivinjari, na kuzima kitufe kikishabonyezwa. (Kuzima kitufe hakutoshi. Mtandao ukikatika mtu hurudia, kwa hiyo kila oda ilibeba namba yake ya kipekee, na seva ikaikataa iliyojirudia.) Sehemu ya simu tuliiwekea aina ya "tel", kwa sababu ukiichukulia namba ya simu kama tarakimu za hesabu, sifuri ya mbele inapotea.

Nikashinda. Dashibodi ikabaki na React yake, na kanuni ya kukagua namba za simu ikawa imeandikwa mara mbili, zote zikidai ianze na 07. Namba za 01 zilipoingia, nilirekebisha dashibodi nikasahau fomu. Meneja akamsajili mteja wa 0110 bila shida, lakini mteja mwenyewe kila akiagiza anaambiwa namba yake si sahihi.

Mwenzangu alipoigundua hakusema neno. Alinitumia mistari miwili ya msimbo tu, wa dashibodi na wa fomu, mmoja juu ya mwingine.